Treni Isiyojua Njia

3 Juni

Watoto wa chekechea ya Mwalimu Zareena wamenisaliti. Nimewapelekea treni. Kichwa chekundu, mabehewa manne, reli ya mbao ya duara, kila kitu nimekikereza kwa mkono wangu na dada Hombale amekisugua kwa jani la mkadi mpaka kinang'aa kama kijiko kipya. Wakaizungusha. Mara ya kwanza wakapiga kelele. Mara ya pili wakatabasamu. Mara ya tatu yule Lohith, mwenye pua isiyokauka, akaniuliza, "Shangazi, halafu?"

Halafu nini? Treni inazunguka, wewe! Halafu inazunguka tena!

Wakainuka wote wakaenda kucheza na boksi nililobebea treni. Boksi, jamani. Mmoja akaingia ndani, wengine wakamsukuma darasa zima mpaka likachanika. Treni yangu ikabaki katikati ya sakafu kama bibi harusi aliyekimbiwa.

Kijana Tejas, msomi tuliyeletewa kutoka chuo cha ubunifu cha Mysuru akae nasi msimu mmoja, amenitaka niandike kila siku watoto wanafanya nini na mimi nafanya nini. Haya, nimeandika. Wamecheza na boksi.

4 Juni

Mvua ya kwanza. Umeme umekatika, makerezo yote, mashine zetu za kuzungushia mti, kimya. Nimerudi nyumbani nimenuna.

6 Juni

Nimemuuliza Tejas treni yangu ina kasoro gani. Nilikuwa na tusi mdomoni tayari, ajibu vibaya nimpe. Akaigeuzageuza, akapuliza vumbi, akasema, "Haina kasoro, Mama Saka. Inajua njia mno. Mtoto hajaachiwa la kufanya."

"La kufanya lipi? Atazame!"

"Kutazama ametazama. Mara tatu."

Dada Hombale akacheka mpaka jani likamponyoka. "Umepatikana leo, Saka! Kijana ana ulimi kama wako."

Nikacheka na mimi, ningefanyaje. Lakini moyoni limeniuma. Bwana Kalegowda, katibu wa ushirika wetu, ametangaza kwamba baada ya sikukuu ya Dasara, mwezi wa kumi, watu wa shule za chekechea za jimbo watakuja hapa Channapatna kuchagua seti moja ya treni iende shule zote. Mwenye seti hiyo atapewa chumba cha ubunifu, kile chenye dirisha kubwa, atengeneze vya kichwani mwake mpaka azeeke. Mimi tangu nifiwe na mume nikaingia karakana hii, nakereza vilivyochorwa na wengine. Manyanga ya watoto wachanga, shanga, pete za pazia. Nataka kitu kimoja ambacho mtoto akikishika, kimetoka kwangu mimi Sakamma.

Nimemwambia dada Hombale hivyo hivyo. Akasema, "Kitatoka, mdogo wangu. Na mimi nitakisugua." Yeye ndiye aliyenileta hapa nikiwa na macho mekundu ya msiba. Namwamini kuliko niliotoka nao tumbo moja.

11 Juni

Sharti la Tejas: ukae pembeni ya darasa, usiseme, usionyeshe. Kazi ngumu kuliko kukereza. Ulimi umeniwasha asubuhi nzima.

Kuna binti anaitwa Inchara. Alitaka behewa la mwisho liwe la kwanza. Haiwezekani, kwa sababu sisi huku mbele tunaweka kulabu ya chuma na huku nyuma tundu, na vidole vya mtoto wa miaka minne si koleo. Akavuta, akauma kwa meno, akaudhika. Kisha akalisimamisha lile behewa wima, akalikoroga kwa kijiti na kutangaza kwamba ugali wa ulezi umeiva. Wenzake wakaja mbio kula. Wakala hewa mpaka wakashiba.

Kwa hiyo si kwamba hawaitaki treni. Wanaitaka iwe chungu, na duka, na kitanda cha mbuzi mgonjwa, kisha iwe treni tena. Mimi ndiye niliyeifunga kwa kulabu.

15 Juni

Mvua. Mbao zote zina baridi kama pua ya mbwa.

22 Juni

Nimepata! Leo bega la dada Hombale lilimkaza, si ajabu, kulisukuma jani miaka yote hiyo. Nikamkalisha nikamkanda kwa mafuta ya ufuta. Chini ya kidole changu nikausikia mfupa wake unavyozunguka ndani ya kikombe chake, huku na huku, juu na chini, wala hautoki. Nikasimama ghafla mafuta yakamwagika.

"Umeona nyoka?" akauliza.

"Nimeona treni!"

Kila behewa liwe na kikombe mbele, kikombe nyuma na kikombe mgongoni. Katikati pawe na kifupa, kipande cha mti chenye kitufe kila upande. Kitufe kinaingia kikombeni kwa mlio mdogo, tap, na mtoto anakichomoa kwa mkono mmoja. Hakuna mbele wala nyuma. Kichwa kinaweza kuvuta, kusukuma, kukaa katikati. Behewa linaweza kupanda mgongo wa mwenzake. Hakuna kulabu, hakuna sumaku, ni mti mtupu.

Tejas akasikiliza, akakuna kichwa, akasema jambo moja la maana sana ambalo sikuliwaza: kifupa kiwe kinene kuliko koo la mtoto. Kijana huyu si bure.

28 Juni

Kikombe chenye tumbo pana na mdomo mwembamba hakichimbiki kwa patasi za kawaida. Nimekwenda kwa Anwar mhunzi, akanifulia patasi kutoka chuma cha springi ya lori, ncha yake imepinda. Tumeiita mdomo wa kasuku. Hakuna nyingine mjini. Anwar mwenyewe alisema, "Sakamma, hii utachimbia meno ya nani?"

2 Julai

Mvua imenigeuka. Vifupa vyote vya juzi vimevimba usiku kwa unyevu, vimekwama vikombeni kama mguu kwenye gumboti. Lohith, niliyempa ajaribu, alivuta akaanguka chali, akalia, mama yake akanitazama vibaya. Nimeanika mbao juu ya jiko langu, nyumba nzima inanuka moshi na mimi pia.

9 Julai

Mbao zimekauka. Nimekereza siku nzima, dada Hombale anasukumiza fimbo za lakiri kwenye mti unaozunguka mpaka rangi inayeyuka na kushika, kisha anang'arisha kwa jani. Njano, nyekundu, kijani. Hatukuongea sana. Tukikaa sisi wawili kwenye kerezo hakuna haja ya maneno, mkono wake unajua wangu unapoishia.

13 Julai

Ningeweza kuijaza siku hii kurasa kumi.

Nimewapelekea mabehewa, vifupa na kichwa. Reli sikupeleka. Nikaviacha sakafuni nikaenda kukaa karibu na mtungi wa maji. Mwanzo walivigusagusa tu. Kisha Inchara akasikia ule mlio, tap. Akachomoa. Tap. Akacheka peke yake. Baada ya hapo sikuweza kuwafuata tena kwa macho. Lohith alikuwa na treni inayokwenda kinyumenyume kwa sababu, anasema, dereva amesahau chakula chake nyumbani. Wasichana wawili walikuwa na nusu treni kila mmoja, wakakutana uso kwa uso, wakagombana nani apishe, "Rudi wewe!" "Rudi mwenyewe, mimi nimebeba wagonjwa!", kisha mmoja akaweka kifupa katikati na ugomvi ukawa treni moja ndefu. Inchara akachukua chaki ya mwalimu akachora reli mwenyewe, ikapita chini ya benchi, ikapanda ukutani, ikashuka mpaka kwenye mguu wa Mwalimu Zareena.

"Inakwenda wapi?" mwalimu akamuuliza.

"Bado haijui," akasema.

Wakati wa chakula ulifika, hakuna aliyeinuka. Mwalimu Zareena akaja kunishika bega, akasema, "Sakamma, uondoke nazo sasa hivi, la sivyo hawa leo hawali." Nimelia njiani, na mvua inanyesha, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Dada Hombale nilipomsimulia akasema, "Watakuja watu wengi kukuona, Saka."

"Kutuona," nikasema.

"Ndiyo. Kutuona."

20 Julai

Bwana Rudresh, mfanyabiashara wa vinyago mwenye banda lake upande wa stesheni, alikuja kuchukua pete za pazia. Alisimama nyuma yangu muda mrefu akitazama mkono wangu. Nikamuuliza kama amepoteza kitu. Dada Hombale akampa kahawa.

Tejas amekwenda Mysuru. Amechukua seti moja akawaonyeshe walimu wake.

25 Julai

Dada Hombale hakuja. Bega. Anakwenda kwa tabibu wa mifupa.

1 Agosti

Hombale wangu hakuja tena, bega. Nimejisugulia mwenyewe, kazi imetoka na madoa. Mvua.

8 Agosti

Bega. Nimempelekea supu ya kunde, sikumkuta. Jirani yake anasema tabibu yuko mbali.

17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda barabara ya Mysuru kununua lakiri ya buluu. Kwenye duka kubwa la vinyago, lile la kona, kuna boksi dirishani, limewekwa juu ya mengine yote, tayari kwa msimu wa sikukuu. Ndani ya boksi ipo treni yangu. Nimeitazama kwanza bila kuelewa, kama unavyomkuta mtoto wako kwenye nyumba ya watu amevaa nguo za watu. Vikombe mbele na nyuma na mgongoni. Vifupa. Nyekundu, njano, kijani.

Nikaingia nikamwambia muuzaji nataka kuishika. Nikavuta kifupa. Hakikutoka. Nikavuta tena. Muuzaji akasema, "Taratibu, mama, utaivunja! Imegundishwa hiyo. Wazazi wanalalamika vipande vinapotea, kwa hiyo wametia gundi. Haiachani hata iweje."

Wametia gundi! Wameiba kisha wametia gundi! Wamechukua kile kitu kimoja kilichowafanya watoto wasahau kula, wakakifunga, imebaki treni inayojua njia. Angekuwa mwizi mwenye akili ningemlaani nusu. Huyu amekula ganda akatupa tunda.

Nimeuliza imetoka wapi. Akasema kwa Rudresh. Na Rudresh ameipata wapi? Muuzaji akapandisha mabega.

Jambo moja limenisumbua njia nzima. Vikombe vile vimechimbwa vizuri. Ukingo msafi, tumbo la duara, hakuna mkwaruzo. Si kazi ya mtu anayejifunza. Mkono ule umekaa karibu na mti miaka. Nikajiambia ni mashine, wasomi wana mashine za kila kitu.

18 Agosti

Nimemwambia dada Hombale. Aliuacha mdomo wazi, akaweka jani chini. Nikamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Tumemlisha, tumempa kahawa." Alilichukua jani tena akaendelea kusugua kipande kilichokwisha kung'aa. Akasema polepole, bila kuniangalia, "Si yule kijana ndiye aliyeibeba seti kwenda Mysuru?"

Basi. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aseme.

19 Agosti

Nimemsema Tejas mbele ya karakana nzima. Nimemwita mwizi, nimemwita panya wa vitabu, nimemwambia mama yake angejua amezaa nini angejifungia ndani. Makerezo yote yalizimwa watu wasikie vizuri. Yeye alisimama na ile seti mkononi, aliyoirudisha kutoka Mysuru, haikupungua hata kifupa kimoja.

"Mama Saka, mimi simjui huyo Rudresh hata kwa sura."

"Utamjuaje, mlizungumza gizani!"

"Kwa nini nitie gundi? Mimi?"

Nililisikia swali hilo. Nakumbuka sasa kwamba nililisikia. Lakini hasira ilikuwa imekwisha kupanda, na hasira yangu ikipanda haina ngazi ya kushukia. Bwana Kalegowda akamwambia afadhali aende. Akaiweka seti juu ya kerezo langu, akachukua mkoba, akatoka mvuani.

Dada Hombale alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Nikafikiri ananionea huruma.

29 Agosti

Bega.

7 Septemba

Sikukuu ya Ganesha. Dada Hombale ameniletea vitumbua vya mvuke vya nazi na sukari guru. Tumekula kutoka sahani moja. Nilipoanza kulia amelia pamoja nami, akanifuta uso kwa ncha ya sari yake. "Usijiue kwa ajili ya mbao, Saka," alisema. Nikamwambia sina mtu mwingine ila yeye.

18 Septemba

Bwana Kalegowda ameniita ofisini. Amezunguka maneno, mara mvua, mara bei ya mbao, mwisho akatua. Treni haitaonyeshwa kwa watu wa chekechea. Iko madukani tayari na jina la mwingine, ushirika ukiipeleka utaambiwa umenakili. Watawaonyesha manyanga.

"Manyanga!" nikasema.

"Manyanga yetu yanapendwa."

"Bwana Katibu, ni yangu. Unajua ni yangu."

"Mimi najua. Nitawaonyesha nini, kujua kwangu?"

Mvua haijakatika tangu asubuhi.

26 Septemba

Bega.

3 Oktoba

Leo Inchara amenikimbilia barabarani, akaniuliza treni yangu imekufa au imelala. Nikamwambia imelala.

11 Oktoba

Siku ya kuabudu zana. Nimekaa jikoni, chai imepoa, nitaandika yote.

Leo hakuna anayekereza. Kila mmoja hufua vitambaa, huosha kerezo lake, huleta kila zana iliyompatia riziki mwaka huu na kuiweka chini mbele ya picha ya Mama Chamundi, mungu wetu wa kike. Kila zana. Hapa kwetu hilo halina mzaha. Zana iliyokulisha ukaificha, mwakani itakukata. Hata Sunanda wa kerezo la tatu, anayewadanganya wote kuhusu umri wake, leo huleta mpaka kisu cha kukatia uzi. Na karakana yetu ina desturi yake: hupaki zana zako mwenyewe. Wa kerezo moja hupakana, mimi nazitia manjano na poda nyekundu zana za mwenzangu, naye za kwangu.

Nilipofika, dada Hombale alikuwa amefika kabla ya wote. Zana zake amezipanga na amekwisha kuzipaka.

"Ee, leo umefanya haraka ya nini? Hiyo kazi yangu."

"Mkono wako unauma, nimekupumzisha."

Mkono wangu? Bega ni lake. Nikachukua kikombe cha manjano nikainama, nitie hata tone moja kwa desturi. Majani yake ya mkadi, yamefungwa kwa uzi. Fimbo zake za lakiri. Kopo la mafuta. Na pembeni, nyuma ya nazi, pale ambapo mwanga wa taa ungeifikia lakini jicho la mtu lisiifikie, patasi moja imelala. Ncha yake imepinda.

Kwanza nikadhani ni yangu, imetambaa. Nikageuka nikatazama rundo langu. Mdomo wa kasuku wangu ulikuwa pale pale. Ilikuwa miwili.

Ya kwake ina mpini mpya, lakini mpini umekwisha kupata weusi wa jasho. Imefanya kazi hiyo. Imefanya kazi kila siku ya bega.

Nimeinuka na kikombe cha manjano mkononi, nikamtazama, naye akanitazama, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza. Kengele ikapigwa. Tukasimama bega kwa bega, moshi wa ubani, taa ikapita juu ya zana zote, juu ya yangu, juu ya yake. Boga jeupe likapasuliwa mlangoni, poda nyekundu ikatapakaa. Wakatugawia dengu za kukaanga na sukari guru, na yeye ndiye aliyeniwekea kiganjani. Nilishindwa kufunga vidole.

Nikamvuta nyuma, kwenye banda la mbao.

"Ni wewe."

"Saka, nisikilize."

"Umekwenda kwa Anwar akakufulia patasi yangu. Umekwenda kwa Rudresh. Bega hili nililokukanda mimi!"

"Nisikilize kwanza."

"Amekupa nini? Sema! Nyumba? Dhahabu?"

Akasema, "Amenipa patasi."

Sikumwelewa. Akaja juu basi, yeye ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti. "Mimi nilikuleta hapa, Saka! Mimi nilikuwa hapa kabla yako! Fundi mkuu akakutazama siku mbili, akakupa wewe kukereza, mimi akaniachia jani. Nikasema sawa, mjane, apate. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Umewahi kuniuliza, dada, leo shika wewe? Hata siku moja? Rudresh aliniuliza. Aliniuliza tu, unaweza kukereza? Kule siku moja kwa juma mimi ni mkereza. Vikombe vile umeviona? Nani amevichimba?"

Nilikuwa nimeviona. Ni vizuri kuliko vyangu, na hilo pia limenichoma. Na ni kweli sijamuuliza. Lakini mtu asipoulizwa ndiyo amwibie mwenzake mtoto?

"Na gundi?" nikasema.

"Gundi sikutia mimi."

"Ulikuwepo walipotia?"

"Nilikuwepo."

"Na Tejas? Ulinitia maneno mdomoni. Nikamfukuza mtoto wa watu kwenye mvua kama mbwa, wewe umeinamisha kichwa!"

"Yule msomi, atapata kazi popote. Mimi ningepata wapi?"

Nikamuuliza jambo moja la mwisho. Kwa nini ameileta? Angeiacha ile patasi chini ya kitanda chake, ningezeeka bila kujua.

Akanishangaa kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Mama Chamundi nimfiche? Nife?"

"Mimi ulinificha."

"Wewe ungenisamehe," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Wewe ungenisamehe."

Nimemwambia asubuhi, mbele ya Kalegowda na watu wote, aseme ukweli. Akisema, nitamsamehe kweli. Alitikisa kichwa, sikujua ni ndiyo au ni hapana.

Nilipofika nyumbani nimempigia simu Tejas. Nikamwambia yote, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusikia, Mama Saka," akakata.

12 Oktoba

Siku ya kumi ya Dasara, siku ya kuanza upya. Mvua imekoma. Asubuhi ya leo kila mmoja huleta majani ya mti wa banni, humpa mwenzake akimwambia chukua dhahabu, tuwe dhahabu, na lililopita limepita. Hata waliofikishana mahakamani leo hupeana. Baada ya hapo zana huamshwa na mwaka wa kazi huanza.

Nilifika nimejipanga. Kwenye rundo la Hombale ile patasi haikuwepo tena. Imekwisha kubarikiwa, kazi yake pale imekwisha.

Akaja kwangu mbele ya wote, amevaa sari yake ya kijani, jani mkononi. "Chukua dhahabu, Saka. Tuwe dhahabu."

Nikamngoja aseme na lile lingine. Hakusema. Mkono umenyooka, anatabasamu kidogo, anatetemeka.

"Sema kwanza," nikamwambia.

"Niseme nini, mdogo wangu?"

Basi nikasema mimi. Nikasema treni yangu ameipeleka yeye kwa Rudresh, amechimba vikombe yeye, siku za bega zote alikuwa kule, na patasi ya pili ilikuwa hapa jana nyuma ya nazi. Nilisema vizuri, bila tusi hata moja, na mimi si mtu wa kusema bila tusi.

Hakuna aliyeshtuka. Nilingoja wamgeukie, wakanigeukia mimi.

"Patasi iliyopinda?" Sunanda akasema. "Anwar anamfulia yeyote anayelipa. Siku ya leo, Sakamma? Kweli siku ya leo?"

Bwana Kalegowda akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. "Mwezi wa nane ulisema ni yule kijana. Uliapa. Tukamfukuza kwa neno lako. Leo ni Hombale. Mwakani utasema ni mimi?"

"Muulizeni! Huyu hapa, muulizeni mwenyewe!"

Wakamtazama. Nami nikamtazama, na nakiri nilikuwa bado na tumaini. Neno moja lingetosha, hata kuinamisha kichwa tu. Machozi yakaanza kumtoka. Wanawake wakamzunguka, wakamkumbatia, wakamwambia basi, mama, basi, ana uchungu wa treni yake, hajui asemalo. Naye akalia kwenye bega la Sunanda, na juu ya bega hilo macho yake yalikuwa yananitazama, na hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa yananiomba.

"Pokea jani, Sakamma," Bwana Kalegowda akasema. "Asiyepokea jani leo haketi kwenye kerezo. Wewe unajua."

Ninajua. Nina kerezo hilo tu.

Hombale akajitoa mikononi mwao, akajifuta uso, akaja akaninyooshea tena. Jani lilikuwa limelowa. Nikalipokea. Watu wakapiga makofi, na Sunanda akasema haya, sasa tunaweza kuwasha mashine.